Zidisha kwa Nane

Alhamisi, saa kumi jioni. Ukunda, chumba cha nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma.

Jethro aliandika ukutani kwa chaki: 600. Chini yake, 2. Akapiga mstari, akaandika 300, kisha akawageukia wenzake wawili kama mtu aliyevumbua moto.

"Faili la kadi za benki za wageni ni megabaiti mia sita. Waya mpya wa ile ofisi ya hoteli kule Galu unapitisha megabiti mbili kila sekunde hadi kwa mnunuzi wetu Mombasa. Gawanya. Sekunde mia tatu. Dakika tano! Kesho Ijumaa, walinzi watakuwa msikitini hadi saa saba na robo. Tutafika Msambweni kabla imamu hajashuka mimbarini."

Kilonzo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya chungwa. Miaka ishirini na mmoja aliunga nyaya za simu, na mitatu ya mwisho aliunga nyuzi za kioo zinazobeba mwanga, hadi kampuni ilipomfuta kazi bila hata ahsante. Alimtazama Jethro kama mtu anavyomtazama kuku anayejaribu kuogelea.

"Faili umelipima kwa debe, waya umeupima kwa kibaba," alisema. "Baiti moja ni biti nane. Zidisha kwanza kwa nane, ndipo ugawanye. Ni dakika arobaini."

Jethro akacheka. "Msikieni budaa wa ngumbaru! Mimi nimekaa chuo miaka miwili. Wewe umejua hesabu ukiwa na mvi."

"Niliingia darasa la usiku nikiwa na miaka arobaini, ni kweli. Lakini nilikaa mpaka mwisho."

Chaki ilimgonga Kilonzo shavuni. Akinyi, dereva wao, aliacha kutafuna miraa. Hakuna aliyecheka.

"Nimesema mara moja," Kilonzo alisema, akajifuta shavu. "Sirudii."

Ijumaa, saa sita na dakika ishirini mchana. Galu.

Jethro alikuwa ameshuka kwenda kuchungulia ofisi. Akinyi aligeuka kwenye usukani.

"Mzee, ameniambia nisikungoje. Kazi ikiisha atakufungia ndani, ufunguo tayari anao. Polisi wakute fundi aliyefukuzwa, kesi imekwisha."

Gereza la Shimo la Tewa Kilonzo alilijua kwa nje tu, na alikusudia libaki hivyo.

"Nenosiri la kufungulia faili analijua nani?"

"Yeye peke yake. Hamwamini mtu."

"Na faili likifika nusu?"

"Nusu haisomeki. Mnunuzi alimwambia, ukiniletea nusu, nitakuzika nusu."

Kilonzo alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nitatoka dakika ya nane, mwanangu. Ukiniona, washa gari."

Saa saba kasoro dakika kumi. Ndani ya ofisi.

Nyuzi ziliungwa safi, hazina hata unywele wa kasoro. Jethro alibonyeza. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta.

Saa saba kasoro dakika tano.

"Asilimia kumi na mbili?" Jasho lilimtoka Jethro. "Imekwama!"

"Haijakwama. Inakwenda sawasawa."

"Umeharibu waya, mzee!" Bastola ikatoka. "Ongeza kasi!"

"Mwanga hauogopi bastola. Piga basi. Mlio mmoja tu, na msikiti mzima utakuwa hapa."

Bastola ilishuka. Kilonzo alifunga zana zake moja moja, bila haraka. Ufunguo ulikuwa umechomekwa mlangoni upande wa nje, kama Jethro alivyoupanga. Kilonzo aliuchomoa, akarudi, akauweka mezani mbele ya Jethro.

"Mlango uko wazi. Toka ukitaka."

Jethro hakuinua macho. "Itaongeza kasi yenyewe. Mwanzo huwa mzito."

Mpumbavu akipewa mlango wazi, huulizia dirisha. Kilonzo alitoka.

Saa saba na robo.

Alichokikuta Alfani, mlinzi wa hoteli, kilisimuliwa Ukunda nzima baadaye. Aliingia na askari wawili, kofia ya swala bado kichwani. Jethro alikuwa palepale, pua karibu na kioo. Asilimia sitini na mbili. Hata bastola hakuigusa. Aliinua mkono mmoja, akasema, "Ngoja kidogo, inamalizika."

Alfani akachomoa waya.

Saa saba na nusu. Msambweni.

Akinyi alitaka kusimama anunue maji.

"Usisimame," Kilonzo alisema. Aliitazama saa yake. "Dakika arobaini kamili. Sasa hivi ndipo lingekuwa limefika."

"Ungemwambia tena jana, pengine angesikia."

"Chaki ilinijibu."

Akinyi alikanyaga mafuta. "Atatutaja, mzee."

"Kabla hawajamfunga pingu ya pili. Mpaka wa Lunga Lunga uko kilomita arobaini. Wewe unakwenda themanini kwa saa. Gawanya."

"Nusu saa. Tutavuka kabla hawajaandika maelezo."

"Umeona?" Kilonzo alitoa chungwa mfukoni, akaanza kulimenya. "Vipimo vikilingana, hata mtoto anaweza."