Uvivu Wangu na Pistoni Nne Vilivyomnyima Mdogo Wangu Mke

Nina miaka thelathini na minane, mke mmoja, watoto watano, na kiti cha kamba ambacho mke wangu hukiita mke mkubwa. Naishi Kambarage, Shinyanga mjini. Nilisoma hadi kidato cha nne, na tangu hapo sijapenda safari yoyote isiyonirudisha nyumbani kabla chakula cha mchana hakijapoa. Mnacheka? Chekeni tu... hata mimi nilikuwa nacheka.

Baba alipofariki aliniachia mimi, mkubwa wa nyumba, ng'ombe waliotoka kwenye mahari ya dada yetu. Kwa desturi yetu Wasukuma, ng'ombe wale walikuwa wa mdogo wangu Lugola, aoe nao. Na mchumba alikuwa naye! Ana, binti wa wakulima wa Ushirombo, Wakatoliki wa kanisani kila Jumapili. Wazazi wake walikubali kusubiri hadi mavuno, basi.

Lugola akaja na wazo. Mzungu mmoja mchimba visima alikuwa akirudi kwao na aliuza pikapu aliyokuja nayo kutoka Ulaya. Dizeli, yenye tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ipate nguvu! Miaka ile watu walikuwa wanamiminika Rwamgasa kwenye dhahabu. Tuwatoe ng'ombe, tuchukue pikapu, ibebe watu na mchele, na kabla ya mavuno ng'ombe watakuwa wamerudi. Kauli ilikuwa yangu. Nikasema sawa.

Miezi miwili ilikuwa raha tupu. Tabo likipiga mluzi, watoto wa mtaa wanaitikia. Kisha gari likaanza kunywa oili na kutapika moshi... Tukalipeleka kwa Fundi Mabula, jirani yetu, mtu mpole asiyejua kupaza sauti. Alipofungua injini, pistoni tatu zilikuwa zimepasuka vichwa. Moja tu ilikuwa nzima.

Akanipa ile nzima mkononi. "Bwana Shule," akasema, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "gari hili lilitengenezwa kwa watu wa Ulaya. Jina la injini ni lile lile la magari yanayoletwa huku, lakini ndani kiwanda kimebadili. Tabo la hili lina nguvu zaidi, kwa hiyo pistoni zake zimechimbwa shimo kubwa juu. Za huku zina shimo dogo. Nenda Mwanza mwenyewe, iweke hii pembeni ya mpya, utazame shimo. Usiamini jina."

Mwanza! Safari ya siku nzima kwenye basi, vumbi hadi kwenye meno! Nikajiambia, ng'ombe wa Shinyanga akila majani ya Geita, si ng'ombe yule yule? Basi injini yenye jina moja itakuwaje mbili? Hiyo ndiyo akili ya kidato cha nne, ndugu zangu...

Asubuhi ile niliaga kama msafiri kweli, nikaenda hadi stendi. Pale nikamkabidhi utingo wa basi la Mwanza fedha na karatasi yenye jina la injini, pamoja na ile pistoni, nikajificha kwa binamu yangu nikila viazi. Jioni ya pili utingo akarudi na pistoni nne mpya. Ile ya zamani? Aliisahau dukani.

Mabula akaniuliza, "Umeziweka pamoja, ukatazama shimo?"

"Nimetazama, fundi. Kulwa na Doto, mapacha kabisa!" nikamjibu. Akacheka, akaniamini. Zile tatu vichwa vyake vilikuwa vipande tu, hivyo alikuwa hana tena ya kufananishia, ila neno langu.

Tangu gari lilipotoka kwa fundi, Lugola akiliendesha kwenda Rwamgasa, sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda barabarani. Mama Shija, mke wangu, akanitania, "Baba Shija, leo kuna nini? Kuku anayeatamia kiti ameacha mayai?" Nikarudi barabarani.

Siku ya nne Lugola akarudi juu ya lori la pamba, bila gari. Injini ilikuwa imekufa kwenye kilima, karibu na Rwamgasa. Kishindo kimoja, basi... Pistoni zimetoboka, bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka. Haikuwa ya kutengenezwa tena.

Baba mdogo akaitisha kikao uani kwetu. Mabula alikuja mwenyewe, bila kuburutwa. Akasema kwa upole kwamba pistoni zile hazikuwa za gari lile, na kwamba aliniuliza nami nikathibitisha. Macho yote yakanigeukia. Lugola akaniuliza, "Kaka, ulikwenda Mwanza au hukwenda?"

Ningesema ukweli pale, ningeaibika siku moja tu. Lakini mimi, msomi wa ukoo! Nikasema, "Nilikwenda. Nilileta zilizo sahihi. Labda fundi alizibadilisha akauza."

Wakaniamini mimi. Lugola alimnyang'anya Mabula sanduku la vifaa, na mtaa mzima ukaacha kumpelekea kazi. Kabla ya mwezi kwisha alihama na familia yake.

Mavuno yakaja, ng'ombe hawakuja. Wazazi wa Ana walisubiri wiki tatu zaidi, kisha wakampokea mwanamume mwingine. Lugola alinisimulia bila kulia. Nililia mimi, naye akanibembeleza! Akanibembeleza mimi, jamani!

Hapo nikashindwa. Nikamweleza yote, hadi viazi vya binamu. Hakunipiga. Aliinuka, akalichukua sanduku la vifaa, tukaenda kumtafuta Mabula. Tulimkuta Maganzo akiziba pancha za baiskeli za wachimba almasi. Nikapiga magoti mbele ya wateja wake. Akasema neno moja tu: "Baba Shija, ungeniambia hukwenda, ningekwenda mimi." Akapokea sanduku, akarudi kwenye pancha yake. Kambarage hajarudi.

Wasomaji wenzangu, kutojua si aibu, na uvivu una dawa. Lakini ukiulizwa, "Umetazama?" na hukutazama, sema hukutazama! Neno hilo dogo lingeniokolea fundi, harusi na ndugu. Msipite nilikopita.

Lugola bado hajaoa. Tukikutana huniamkia, "Shikamoo kaka," kama adabu inavyotaka. Nami nikifungua mdomo kusema marahaba, huwa ameshapita.