Salamu Ndefu ya Kapinga

Saa tano za asubuhi, wakati wanafunzi wengi wa Kampemba, mjini Lubumbashi, wako katikati ya masomo, Kapinga alikuwa bado nyumbani akisugua sufuria. Si kwamba alikuwa mtoro. Shule yao ya sekondari ilikuwa na wanafunzi wengi kuliko vyumba, kwa hiyo wakubwa walisoma asubuhi, na wadogo wa darasa la saba, ambao ndio kwanza wameingia sekondari, walisoma alasiri. Kapinga alichota maji, akamsaidia mama yake, Mama Victorine, kufunga kapenta, samaki wadogo wakavu, za kuuza sokoni, akala bukari yake, yaani ugali, ikiwa bado ya moto, kisha akavaa shati jeupe na sketi ya buluu. Njiani alikutana na rafiki yake Chancelvie, wakaenda zao wakicheka.

Mwanzoni mwa mwaka wasichana hao waliona kusoma alasiri ni raha tupu. Kulala mpaka jua litoke, nani hataki? Lakini mvua zilipoanza, mambo yaligeuka. Mawingu yalifunga mapema, na kengele ya mwisho ilipolia giza lilikuwa linaingia. Kapinga alikaa karibu na shule. Chancelvie, maskini, alikuwa na mwendo wa saa nzima, na njia yake ilivuka reli na kupita kwenye nyasi ndefu pasipo na nyumba wala taa. Jioni moja kijana asiyejulikana alichomoka katika nyasi hizo, akamnyang'anya mkoba wenye madaftari yake yote, akatokomea. Chancelvie hakuumia, ila alifika kwao akilia. Kesho yake alimweleza Kapinga kwamba mama yake ameshaamua. Kama saa za shule hazibadiliki, mwisho wa mwezi Chancelvie anaacha masomo.

Chancelvie ndiye aliyemkaribisha Kapinga kwenye dawati siku ya kwanza, alipokuwa hamjui mtu hata mmoja. Shule bila Chancelvie hakutaka hata kuifikiria.

Njia ya kuzuia jambo hilo ilikuwepo, tena moja tu. Jumamosi wazazi wote wangekutana shuleni, na desturi ya mkutano huo ilikuwa kwamba kila darasa linamtuma kiongozi wake asimame mbele na kuomba jambo moja. Darasa la saba lilikubaliana haraka kuomba masomo ya asubuhi. Na kiongozi wa darasa la saba alikuwa nani? Kapinga huyohuyo. Wenzake walimchagua kwa sababu ya alama zake nzuri, bila kumuuliza kama anaweza kusema mbele ya watu. Hakuweza. Akiitwa ubaoni alijibu kwa sauti ya chini sana, hata waliokaa dawati la mbele walitega masikio.

Jioni hiyo alimwomba msaada kaka yake Clovis, aliyekuwa anasoma chuo kikuu kule Kasapa. Clovis hakungoja kuombwa mara mbili. Alinawa mikono, akasimama katikati ya chumba, akakohoa kama waziri. Hotuba, alisema, si shida hata kidogo. Shida ni salamu. Wakubwa wana vyeo, vyeo vina mpangilio, na ukimtaja mdogo kabla ya mkubwa umeharibu kila kitu. Mtu aliyesoma anajulikana kwa salamu zake.

"Rudilia nyuma yangu," alisema Clovis. "Mheshimiwa prefe, mkuu wa shule yetu. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati. Walimu wapendwa, wazazi wapendwa, wageni waalikwa wote kwa vyeo na hadhi zenu mbalimbali."

Tangu hapo nyumba haikupumua. Kapinga alisema salamu hiyo akifua, akiteka maji, akichanwa nywele. Alipokosea cheo kimoja alianza upya kabisa. Mama Victorine naye aliishika bila kutaka, na siku moja sokoni akajikuta anamwita mnunuzi wake "mheshimiwa", mpaka wauzaji wenzake wakamcheka. Habari ya Chancelvie na ile njia ya reli Kapinga aliifanyia mazoezi mara moja tu, mbiombio. Hiyo aliijua tayari, kwa nini ajisumbue?

Jumamosi ikafika. Wazazi walijaa chumba kikubwa cha shule, wengine wamesimama madirishani. Mbele walikaa prefe na Papa Jeannot, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu mnene mwenye duka la misumari na saruji mbele ya geti la shule. Kapinga alikaa pembeni na viongozi wa madarasa mengine, anasogeza midomo kimyakimya. Mheshimiwa prefe, Mheshimiwa mwenyekiti. Yote yalikuwepo kichwani, sawasawa.

Basi wakati huohuo ndipo walipoingia wageni wawili ambao hakuna aliyewataraji, mwakilishi wa komuni, yaani serikali ya eneo lao, na Sista mmoja mzee. Watu walisimama, viti vikahamishwa, prefe akasogea huku, Papa Jeannot akasogea kule. Kapinga alitazama viti vile vinavyohama, na salamu yake nayo ikaanza kuhama. Mwakilishi atamweka wapi? Na Sista je, ni mkubwa kuliko prefe au ni mdogo?

Viongozi wa madarasa ya juu walisema maneno yao wakamaliza. Likaitwa darasa la saba. Kapinga alisimama.

"Mheshimiwa prefe," alianza.

Mwalimu aliyekuwa anaongoza mkutano alimwinamia na kumnong'oneza kwamba mwakilishi wa komuni anatajwa kwanza. Kapinga alianza upya. Akamtaja mwakilishi, akamtaja prefe, akamtaja mwenyekiti, na hapo sauti ya mwanamume mmoja ikatoka nyuma kuuliza kama Sista amesahauliwa. Watu wakacheka kidogo. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kwa Kapinga kicheko hicho kilikuwa kama ndoo ya maji baridi. Alifungua mdomo mara ya tatu, na hakukuwa na kitu. Hata jina lake mwenyewe, kama mtu angemuuliza, asingelipata.

Prefe alimwangalia kwa huruma. Alimwambia akapumzike kwanza, wasikilize mengine, na muda ukibaki watamrudia. Kapinga alitoka akiangalia chini. Mlangoni alimpita Chancelvie amesimama na mama yake, Mama Ngosa, ambaye alikuwa ameshachukua mwavuli wake ili waondoke. Chancelvie aligeuzia uso pembeni, na hilo liliuma zaidi kuliko kicheko.

Alikwenda kwenye bomba la maji nyuma ya madarasa, akanawa uso, akalia, akanawa tena. Madamu Huguette, mwalimu msimamizi wa darasa lao, alimfuata. Hakumgombeza wala hakumpa pole. Alijiegemeza ukutani, akamuuliza, baada ya hao waheshimiwa wote, alitaka kusema nini hasa.

Kapinga alikuwa na uchungu, na uchungu ukamfungua. Alieleza yote: mvua, giza, reli, nyasi, mkoba ulioibiwa, Mama Ngosa na mwisho wa mwezi. Alieleza bila kusimama, mikono inaonyesha upande wa reli.

"Na pale ndani," aliuliza Madamu Huguette, "nani hajui hii njia?"

Kapinga alifikiri. "Papa Jeannot. Yeye anakaa hapa mbele ya shule. Jioni hajapita kule hata siku moja."

"Basi kamuambie yeye. Bengine batasikia tu."

"Lakini ninaogopa, Madamu. Miguu inatetemeka."

"Acha itetemeke. Si miguu ndiyo itasema."

Kapinga alijikuta anatabasamu katikati ya machozi. Walirudi ndani pamoja. Prefe alikuwa anataka kufunga sehemu ya wanafunzi, lakini Madamu Huguette aliinua mkono na kuomba darasa la saba lirudiwe. Mama Ngosa, aliyekuwa ameshafika nje, alisikia, akasimama dirishani na mwavuli wake mkononi.

Kapinga alipita tena mbele. Alitafuta vile vyeo, na vyote vilikuwa vimepotea, hakikubaki hata kimoja. Basi akasema neno ambalo mtoto yeyote wa Lubumbashi analisema akiingia katika uwanja wa watu.

"Jambo yenu, baba na mama."

"Jambo!" chumba kizima kilijibu. Mwakilishi wa komuni alijibu, Sista alijibu, hata waliokuwa madirishani walijibu. Kapinga alishtuka. Siku zote zile za mazoezi hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu atamjibu. Alimgeukia Papa Jeannot, akamwangalia usoni.

"Papa Jeannot, wewe unakaa hapa karibu," alisema. "Kengele ya jioni ikilia, wewe unaona batoto banatoka na banacheka. Unaona tu pale banatoka. Mimi nitakuambia pale bengine banapita."

Akamwambia. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, mtu wa nyuma akaomba aipandishe, naye akaipandisha. Alimpitisha Papa Jeannot kwenye njia ile hatua kwa hatua, kutoka geti mpaka reli, kutoka reli mpaka nyasi zinapomfika mtoto mabegani. Alieleza jinsi mtu anavyoshindwa kuona miguu yake mwenyewe, na jinsi rafiki yake alivyofika kwao bila mkoba. Alisema kuna mtoto anayependa shule ambaye ataiacha, si kwa uvivu wala kwa ujinga, ila kwa ajili ya giza. Muda wote huo magoti yalitetemeka ndani ya sketi. Hakuna aliyeyaona.

Papa Jeannot alikuwa ameacha kuegemea kiti. Alimuuliza kama anataka wakubwa wanyimwe asubuhi yao, na wengine wana mtihani wa serikali mbele yao. Swali hilo halikuwemo katika mazoezi yoyote. Ajabu, halikumtisha Kapinga.

"Ba mtihani babaki asubuhi, Papa," alijibu. "Lakini ba darasa za katikati beko bakubwa. Banaweza kutembea jioni kikundi kimoja. Siye tuko badogo."

Prefe akaingilia. Alitaka kujua kama darasa la saba litaamka alfajiri bila kulalamika. Kapinga alisema wataamka. Nyuma yake wenzake wakaguna wote kwa pamoja, na chumba kikaangua kicheko, na safari hii Kapinga alicheka nao.

Wazazi walibishana, tena sana, maana wazazi wa madarasa ya katikati nao walikuwa na watoto wao. Mwishowe Papa Jeannot alisema kwamba yeye mwenyewe atapita njia ile jioni hiyohiyo, na kwamba kamati itafyeka zile nyasi. Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa, ikatosha. Darasa la saba litasoma asubuhi.

Mama Ngosa alipenya katikati ya watu mpaka kwa Kapinga. Alimshika mabega yote mawili, akamwangalia. "Chancelvie atasoma," alisema tu. Chancelvie alimrukia rafiki yake shingoni, nusura waanguke wote wawili.

Nyumbani Clovis alipopewa habari alifurahi, lakini hakuacha kusikitika kidogo. Alimuuliza mdogo wake aliwezaje kusema mbele ya mwakilishi wa komuni bila kumsalimu kwa cheo chake. Mama Victorine, aliyekuwa mkutanoni na aliyesikia yote, alimjibu huku anasonga bukari.

"Alimusalimia, Clovis. Na yeye alijibu."

Jumatatu Madamu Huguette alisimama mbele ya darasa la saba, ambalo nusu yake lilikuwa linapiga miayo kwa kuamka mapema. Alisema anataka waelewe jambo moja kuhusu mwenzao. "Musifikiri Kapinga hakuogopa. Aliogopa mpaka mwisho, na mimi pia ninaogopa kila mwaka mbele ya darasa mpya. Ila mara ya kwanza alikuwa anajifikiria yeye, kama atakosea, kama watamucheka. Mara ya pili alikuwa anamufikiria Chancelvie. Mukisimama mbele ya batu, kumbukeni mumekuja kuwaletea kitu wanachokihitaji. Sema nao kama batu, na hofu ikikufuata, nayo isimame pale pembeni, wewe endelea kusema."