Tangi la Maji Chini ya Mashine

Haya yalimpata shoga yangu, mpimaji wa mashine ya mionzi ya nyutroni inayotibu saratani. Si mtu wa kuona mashetani huyo. Kaishi na mumewe miaka yote na hajaona kitu.

Kila asubuhi huweka tangi la maji kitandani badala ya mgonjwa, akazamisha kipimo, akafunga mlango na kusoma nguvu ya mionzi akiwa nje. Ikipungua, huiongeza.

Siku hiyo ilipungua. Mgonjwa wa kwanza alikuwa shangazi yake, tayari yuko benchini. Kipimo kikiwa kinadanganya naye akaongeza nguvu, angemuunguza bibi wa watu. Akarudia kupima: vilevile. Ndipo spika inayomletea sauti za chumbani ikatoa sauti ya maji kuchezacheza, kisha pumzi.

Akazima mashine, akafungua. Taa zimezimika. Akamulika kwa simu: tangi alilolijaza nusu limejaa hadi ukingoni, maji yamezidi juu ya kipimo na kuipunguza mionzi. Maji yakashuka taratibu mbele ya macho yake, na sakafu kavu.

Akatoka mbio. “Shangazi, inuka, leo hutibiwi!”

“Usinipigie kelele,” shangazi akafoka, akionyesha nafasi tupu kando yake. “Mwambie kwanza huyu asogee, ananilowesha.”

Upande ule gauni lake lilikuwa linachuruzika maji.