Debe la Maharagwe Kutoka Emali

Soko la Emali lilikuwa limefurika mpaka barabarani Kivuva alipoegesha lori lake la kabichi na kusimama mbele ya beseni la pilipili la Ndinda. Alivaa shati la maua na suruali ya bugaluu, ingawa ulikuwa mwaka wa 1986 na wenzake walikuwa wameiacha zamani.

"Hii pilipili ni kali kweli?"

"Nimeipanda mwenyewe nyuma ya jikoni. Onja."

Akatafuna moja nzima, asionekane mwoga. Machozi yakamtiririka. Ndinda akampa ndizi, akatazama pembeni asije akacheka.

"Unaitwa nani, wewe muuaji?"

"Pona kwanza."

Alipona, na akaanza kupita Emali hata siku ambazo hakuwa na mzigo. Asipopita, alipiga simu dukani kwa Arbaco, jirani ya soko, naye Arbaco akamwita Ndinda kwa sauti ya kusikika soko zima. Ndinda alimpenda, hakuna haja ya kuzunguka. Alitaka kuolewa kwao Kivuva, huko Kikima milimani, na aliyemtia hofu ni mama yake Kivuva tu.

Ndiyo maana baada ya mavuno alimtumia mama huyo debe la maharagwe, yamechanganywa na jivu na pilipili ya kusaga ili wadudu wasiyatoboe. Hakutoa maelezo, kwa sababu kwao kila mtu anajua kuyaosha. Kikima kuna baridi, wadudu si wengi. Mama aliyapepeta, akayasuuza haraka, akawapikia wageni wa kanisa. Pasta alikohoa mpaka akatolewa nje.

Simu zikakoma. Ndinda alianza kuona mbuzi wa mahari ya watu wengine kila mahali. Hatimaye Arbaco akamwita tena kwenye simu.

"Mwaitu anasema ulimchezea mbele ya pasta," Kivuva alisema, akimtaja mama yake kwa Kikamba.

"Na wewe unasema nini?"

Kivuva akasimulia jinsi pasta alivyokohoa.

"Ile pilipili ni dawa ya wadudu, Kivuva. Unaosha mpaka maji yawe safi."

"Sikujua, mpenzi."

"Si ungeniuliza?"

Ndinda akaweka simu chini, akalia nyuma ya duka, kisha akarudi kuuza.

Jumamosi iliyofuata Kivuva alikuja bila lori, suruali imejaa udongo mwekundu.

"Nimemweleza mama, ameelewa. Lakini anasema pilipili haitaingia jikoni kwake."

"Basi na mimi sitaingia."

"Najua. Nimeanza kuchimba msingi wa jiko lako, ng'ambo ya boma. Kama hutaki, nitafukia."

Ndinda aliitazama mikono ya Kivuva. Ilikuwa na malengelenge, na hasira aliyokuwa ameiweka tayari ikamponyoka.

"Upepo wa kwenu unatoka wapi?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Nikikaanga pilipili, moshi utaenda kwa nani?"

Kivuva akafikiri kwa makini, kama mtu anayeulizwa na polisi.

"Upepo unatoka kwa mama, unakuja kwetu."

Ndinda akacheka, akaanza kufunika beseni.

"Basi twende ukamwambie baba yangu."