Vumbi Lililotokea Nyuma ya Mashine

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwanza kwenye chumba kidogo chini ya ngazi ambamo mama yake alihifadhi vifaa vya kazi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani alipewa na shangazi yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifua vitambaa vya kufutia, akavianika, akasuuza ndoo, huku akisimulia yote yaliyotokea darasani, awepo wa kumsikiliza au asiwepo.

Mama na Shangazi, dada yake baba, walikuwa na kampuni ya usafi. Kampuni yenyewe ilikuwa wao wawili tu, lakini sare zao zilipigwa pasi kila asubuhi. Mwezi huo walikuwa wamepata kazi kubwa kuliko zote: maktaba ya ghorofa mbili, yenye zulia kutoka mlangoni hadi kwenye rafu za mwisho. Zulia kama lile halitaki ufagio. Ilibidi wanunue mashine ya kufyonza vumbi.

Jumamosi wakaenda dukani wote watatu. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati aliyevaa tai ndefu iliyopita mkanda wa suruali. Kabla hata hawajasalimiana, Shangazi alikuwa ameshamnong'oneza Chiriku jina alilombandika: Bwana Tai.

"Karibuni, mama zangu," alisema Bwana Tai, akipapasa mashine nyekundu inayong'aa, yenye taa kwa mbele. "Msihangaike. Hii ndiyo habari ya mjini."

Pembeni ilikuwepo nyingine, nyeusi, nene kama pipa. Hakuna aliyeitupia jicho.

"Kifua changu hakipatani na vumbi," alisema Shangazi. "Hii ina chujio la kuzuia lile vumbi laini lisirudi hewani?"

"Limo ndani, dada. Tena la kiwango cha hospitali."

"Tunaweza kuliona?"

Bwana Tai alicheka. "Dada yangu, wewe ni msafishaji au fundi? Kazi ya kufagia haina haja ya maswali yote hayo."

Shangazi akanywea. Bwana Tai akamwaga vumbi kidogo kwenye zulia la maonyesho, akawasha mashine, na vumbi likatoweka kufumba na kufumbua. Lakini Chiriku alikuwa amechuchumaa kwa nyuma. Katika mwanga wa jua uliopenya dirishani aliona vumbi jepesi kama moshi likipulizwa kutoka kwenye matundu ya mashine.

"Mama, huku nyuma..."

"Mtoto, waache wakubwa wazungumze," Bwana Tai alimkata kauli.

Chiriku akanyamaza. Kusema kweli, si Bwana Tai peke yake aliyemnyamazisha. Mashine nyekundu ilikuwa imemteka moyo. Alikuwa ameshajiona akiisukuma huku taa ikiwaka. Wakainunua hiyo hiyo.

Haikuchukua muda mambo yakaanza kwenda kombo. Mkutubi wa maktaba alipitisha kidole juu ya meza iliyotoka kufutwa, akakiinua kikiwa cha kijivu. "Hivi mnasafisha, au mnahamisha vumbi?" aliuliza. Mama aliona aibu asijue aweke wapi uso wake. Naye Shangazi alianza kukohoa. Alikohoa akiwa kazini, akakohoa akiwa mezani, mwishowe akawa hawezi kupanda ngazi bila kusimama katikati kutafuta pumzi. Daktari alimpa dawa na kumwamuru akae mbali na vumbi kwa wiki mbili.

Jioni ile Chiriku aliichukua mashine, akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani palikuwa na nafasi ya mraba, na juu yake mchoro mdogo wa chujio. Nafasi ilikuwa tupu. Akakimbilia kijitabu cha maelezo, ambacho Bwana Tai alisema si lazima kukisoma. Ukurasa wa kwanza uliorodhesha vitu vinavyotakiwa kuwemo ndani ya boksi: mpira wa kufyonzea, brashi mbili, mfuko, chujio moja.

"Mama! Ametudanganya! Hakuna chujio! Shangazi amevuta vumbi lote hilo kwa sababu ya yule mwongo!" Machozi ya hasira yalimlengalenga. Kisha akainamisha kichwa. "Na mimi niliona. Siku ile dukani niliona vumbi likitoka kwa nyuma."

Mama alimgeukia. "Uliona ukanyamaza? Wewe?"

Chiriku akarudisha kifuniko cha mashine mahali pake.

Kesho yake mchana wakarudi dukani. Njia nzima Chiriku alipanga maneno makali ya kumrushia Bwana Tai, lakini Mama alimwambia, "Matusi tuyaache nyumbani. Akikana, tutamwonyesha." Mkobani alikuwa ameweka kitambaa cheupe na mfuko wa vumbi la maktaba.

Bwana Tai hakuona haya hata kidogo. "Chujio mmelitoa wenyewe. Watu wa usafi mnaharibu vitu, halafu mnakuja kutusumbua."

Chiriku alihisi masikio yanawaka moto. Mama hakupandisha sauti. "Sawa. Ile ya maonyesho hatujaigusa. Iwashe."

Wateja wawili waligeuka kutazama. Bwana Tai hakuwa na pa kukwepea, akaiwasha. Mama alimwaga vumbi kwenye zulia. Chiriku akatandaza kitambaa juu ya matundu ya nyuma, akakishikilia kwa mikono miwili. Mashine ilipozimwa alikiinua juu kila mtu akione. Katikati palikuwa na duara la kijivu, kubwa kama sahani.

"Na hilo vumbi ndilo lililoingia kifuani mwa shangazi yangu!" alisema Chiriku.

Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani, alitoka ofisini. Alitazama kitambaa, akasoma kijitabu, kisha akamgeukia muuzaji wake. "Machujio yako wapi?"

Bwana Tai alikazia macho viatu vyake. Mwenye duka akavuta droo ya kaunta. Yalikuwemo yote, yamepangwa vizuri, kila moja na bei yake. Bwana Tai alikuwa akiyatoa kwenye maboksi ili ayauze peke yake.

"Watu wanavuta uchafu, wewe unachekelea?" alifoka mwenye duka. "Leo hii utampigia simu kila aliyenunua mashine hapa, aje achukue chujio lake. Utaanza kwa kumwomba radhi huyu mama, kisha uende kwa mgonjwa wake. Halafu tutazungumza mimi na wewe, kama bado una kazi."

Mama alipopewa nafasi ya kubadilisha mashine, hakuharakishwa na mtu. Ile nyeusi, nene kama pipa, aliinyanyua kuona kama ataweza kuipandisha ngazi. Akapima urefu wa waya, akasikiliza kama sauti yake itavumilika maktabani, akafungua kifuniko akaliona chujio kwa macho yake. Mwisho Chiriku aliweka kitambaa kingine nyuma yake. Kilitoka cheupe vilevile.

Nyumbani, Chiriku aliketi kando ya kitanda cha Shangazi na kumweleza kila kitu, pamoja na lile aliloliona akalinyamazia. "Nisamehe, Shangazi."

Shangazi alikohoa kidogo, akamshika mkono. "Yule kijana aliponicheka, niliona haya kuuliza tena. Nilikosea. Anayefanya kazi ana haki ya kujua kifaa chake kitamfanya nini, hata kama kazi yake ni kufagia. Sasa sikiliza na wewe. Yule hanijui, akanidanganya. Wewe unanijua na unanipenda, na ulikuwa umeona. Siku nyingine ukiona kitu kinachoweza kumdhuru mtu, sema. Wakikukata kauli, sema tena, kwa heshima lakini kwa sauti. Mtu anapoumia, kukaa kimya si adabu."