Vidonge vya Kifini

Sisi watu wa Viborg, mji wa Urusi ulio mpakani, kitu kizuri tulikiita "cha Kifini". Sabuni ya Kifini, kahawa ya Kifini, hata viatu. Ufini iko jirani tu, na tulivuka mpaka kama watu waendao sokoni.

Kisha vita vya Ukraini vikaanza. Wakubwa wakakosana. Urusi yetu ikaipa Magharibi mgongo, ikageukia Mashariki. Mpaka ukafungwa, na hakuna aliyetuuliza sisi.

Bi Zinaida ana shinikizo la damu. Kila asubuhi alikunywa kidonge kutoka Ufini. Vya Ufini vilipoacha kuja, daktari akamwandikia vingine, na mwanawe Gleb akamletea.

"Vimetoka wapi hivi?"

"India, Mama. Siku hizi marafiki zetu wako Mashariki."

"Marafiki wa serikali hao. Mimi sijawahi kunywa nao chai."

"Mama nawe! Kidonge kina pasipoti?"

"Niache. Vyangu vya Kifini bado vipo."

Vilikuwepo kwa sababu alivikata nusu, visiishe haraka. Gleb hakujua.

Asubuhi moja alimkuta mama yake sakafuni jikoni, mdomo umekwenda upande. Kiharusi.

Bi Zinaida aliporudi kutoka hospitali, jirani yao Rimma alikuja kumwona. Rimma ni mfamasia. Aliweka pakiti mbili mezani, ya Kifini, yenye vidonge vilivyokatwa nusu, na ya Kihindi.

"Gleb, soma. Si hayo maandishi makubwa, hilo ni jina la biashara. Soma madogo yaliyo chini yake, jina la dawa yenyewe."

Gleb akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili.

"Ni dawa ile ile?"

"Ile ile, na kipimo kile kile. Ukibadilishiwa pakiti, muulize daktari au mfamasia. Usinywe zote mbili pamoja. Na usikate kidonge ili kuweka akiba. Shinikizo hupanda kimya kimya, mtu hasikii kitu."

Bi Zinaida alisema kwa shida, "Mpaka... wamefunga."

"Wamefunga wa Ufini, Bi Zinaida. Mlango wangu huo hapo, mkabala na wako. Si ungebisha hodi tu?"

Bi Zinaida akalia. Rimma naye akalia.

Sasa Bi Zinaida anakunywa kidonge kizima kila siku, na shinikizo limeshuka. Daktari amefurahi. Gleb ndiye anayemfungulia pakiti, kwa maana mkono wa kulia wa mama yake haujaamka tena tangu kiharusi.