Kanga Isiyofuliwa

Sisi wa kisiwa cha Jibondo hatumwagi maji ovyo. Maji ya kuoshea mchele hupewa mbuzi, ya kunawia humwagiwa mpapai. Kwa hiyo Mwanasha alipomimina dumu zima ili afue kanga moja tu, jirani yake Bimkubwa alishtuka.

"Kulikoni, shoga?"

Mwanasha akalia. "Taufiki kambaka Hamisa. Leo asubuhi, alipokwenda kuagiza maji."

Hamisa ni bintiye, ana miaka ishirini na mbili. Taufiki ndiye mwenye mashua pekee iliyokuwa ikituletea maji kisiwani.

Bimkubwa ni mhudumu wa afya wa kijiji. "Usiifue!" alisema. "Kanga aliyovaa ni ushahidi. Itie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Na Hamisa asioge kwanza. Twendeni hospitali Kilindoni, ng'ambo."

"Siendi," alisema Hamisa kutoka mkekani. "Watasema nilimtaka. Hata kelele sikupiga."

"Hofu hukaba koo, mwanangu," alisema Bimkubwa. "Kunyamaza si kukubali. Kosa ni lake, si lako."

"Na maji je? Akikamatwa, kisiwa kizima kitanilaani."

Mwanasha aliinamisha kichwa. "Hata mimi nilitaka wazee wayamalize kimyakimya. Nimefikiria dumu kabla ya mwanangu. Nisamehe, Hamisa."

"Maji tutayatafuta," alisema Bimkubwa. "Lakini dawa haingoji. Ya kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa kabla siku tatu hazijapita, na mapema ndiyo bora. Ya kuzuia mimba ipo pia. Polisi wana dawati la jinsia. Utaongea faraghani, na mimi nitakuwa nawe."

Hamisa aliinuka mkekani, akaitia kanga kwenye mfuko wa karatasi. Kisha akaushika ule mfuko. "Nitasema mwenyewe," alisema.

Kilindoni alitibiwa kwanza. Daktari akajaza fomu ya polisi, PF3, na Hamisa akaeleza mwenyewe kwenye dawati la jinsia. Kesho yake Taufiki akakamatwa. Sasa kesi iko mahakamani, na kanga ile ni ushahidi.

Baada ya Taufiki kukamatwa, siku mbili hatukupata maji, na Hamisa alijifungia ndani. Siku ya tatu mvuvi Othmani aliosha mashua yake, akatuletea maji.

Hamisa alichukua dumu lake akasimama nyuma kabisa ya foleni, macho chini. Alingoja matusi. Mwanamke wa mbele yake akageuka, akalichukua lile dumu, akampa mwenzake. Likapita mkono kwa mkono hadi mbele.

Likarudi limejaa.